Gramu tano za Alcaraz: uzito wa raketi hubadilisha nini hasa?

Januari 2025, mashindano ya tenisi ya Australian Open yalipokuwa yakianza Melbourne, Carlos Alcaraz, nyota wa Uhispania, aliwaambia waandishi wa habari kwamba amebadilisha namna anavyoanzisha mpira, na kwamba ameongeza gramu tano kwenye raketi yake. Basi, hakusema zaidi ya hapo. Lakini katika kikundi chetu cha WhatsApp, sisi tunaocheza tenisi Jumamosi asubuhi hapa Nairobi, gramu hizo tano zilizua mjadala wa siku mbili. Mmoja alisema ni porojo za kuuzia raketi, maana gramu tano ni kijiko cha sukari. Mwingine akasema sasa jamaa atapiga mpira upasuke, kwa kuwa kizito ndicho kinachoumiza. Wa tatu, ambaye kiwiko kinamsumbua tangu mwaka juzi, akauliza kama yeye apunguze badala ya kuongeza.

Kila mmoja alikuwa na chembe ya ukweli, na wote walipotelea mahali pamoja. Walidhani raketi ina uzito mmoja.

Tuanze na ule ulioandikwa. Raketi nyingi zina namba karibu na shingo: gramu 285, 300, 305, 315. Namba hiyo ni uzito wa mizani, na kwa kawaida hupimwa kabla ya raketi kufungwa nyuzi. Nyuzi zenyewe huongeza gramu 15 au zaidi kidogo, na ule utepe laini unaozungushwa kwenye mpini ili jasho lisikuteleze huongeza kama tano nyingine. Kwa hiyo raketi ya "mia tatu" unaposimama nayo kortini huwa imeshafika 320. Ukiwasikia watu wawili wakibishana kwamba raketi ya fulani ni 340 na mwingine anashikilia ni 360, mara nyingi wote wako sahihi. Mmoja anapima kabla ya nyuzi, mwenzake baada.

Uzito wa pili ni mahali uzito huo ulipokaa. Laza raketi juu ya kidole kimoja, isogeze mpaka itulie bila kuanguka upande wowote. Hapo ndipo kitovu chake. Raketi ya kawaida ina urefu wa sentimita 68.5, hivyo katikati yake ni sentimita 34 na kitu kutoka kitakoni. Kitovu kikiwa chini ya hapo, upande wa mpini, raketi ni nyepesi kichwani. Kikiwa juu ya hapo, ni nzito kichwani. Raketi mbili za gramu 320 zinaweza kuwa tofauti kama jembe na fimbo.

Uzito wa tatu ndio wenye maneno yote, na ndio unaosahaulika: uzito wa kuzungusha. Shika nyundo kwenye mpini kama fundi, uizungushe. Kisha igeuze, shika kile kichwa cha chuma, uzungushe mpini hewani. Nyundo ni ileile na mizani itakupa namba ileile, lakini mkono utakuambia habari nyingine kabisa. Ule ugumu wa kuianzisha izunguke, na kuizuia ikishaanza, ndio uzito wa kuzungusha. Mafundi wa raketi wana mashine ya kuupima, na kwa raketi za dukani zikiwa na nyuzi hutoa namba zinazochezea kati ya 290 na 330 hivi. Wachezaji wengi wa kiwango cha juu hupita 330, na wapo wanaofika 360.

Hesabu yake ina ukatili kidogo. Umbali kutoka mkononi hauhesabiwi mara moja tu, unazidishwa kwa wenyewe. Gramu iliyo mbali mara mbili hukusumbua mara nne. Ndiyo maana gramu tano haziwezi kujadiliwa kabla ya kuuliza zimebandikwa wapi. Ukiziweka ndani ya mpini, pale unaposhika, uzito wa kuzungusha haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ukiziweka kwenye ncha kabisa ya kichwa, ile namba ya mashine hupanda kwa karibu 17. Katika raketi ya 320 hilo ni ongezeko la asilimia tano, ilhali kwenye mizani umeongeza asilimia moja na nusu tu. Mwenzetu wa kijiko cha sukari angekuwa sahihi kama sukari ingemwagwa kwenye mpini.

Mimi niliyajua haya kwa aibu. Miaka michache iliyopita nilimlalamikia kocha wetu kwamba mpira wa mtu anayepiga kwa nguvu unaisukuma raketi yangu nyuma. Akaniambia, "Bandika gramu tano saa sita." Wachezaji hukitazama kichwa cha raketi kama uso wa saa, mpini ukiwa chini. Nikaenda nyumbani, nikatafuta namba 6 kwenye huo uso wa saa, nikabandika pale chini, juu tu ya shingo. Nikacheza wiki mbili bila kuhisi tofauti yoyote, nikaanza kumsema kocha pembeni. Aliponiuliza na kuona nilipobandika alicheka hadi akakaa kwenye benchi. "Wewe, saa sita ya wapi hiyo? Saa sita mchana mshale mkubwa na mdogo unaelekea wapi?" Juu. Sisi watu wa Nairobi tunasema saa kwa Kiswahili na kuisoma kwa Kiingereza, na siku hiyo ilinigharimu. Pale nilipobandika, gramu tano huongeza kama 3 tu kwenye ile namba. Aliposogeza kipande kilekile hadi ncha, raketi ikawa kama ya mtu mwingine. Sikuwa nimeongeza hata chembe.

(Kinachobandikwa ni utepe wa risasi, madini ya risasi, si ya bunduki. Ukiushika, nawa mikono kabla ya kula mahindi ya kuchoma.)

Sasa, kwa nini mtu ambaye anaishi kwa mchezo huu aongeze kitu kinachomchelewesha mkono?

Fikiria mkokoteni pale Marikiti. Ukiwa mtupu, kijana mmoja anaukimbiza, anaukwepesha matatu, anaugeuza kwa mkono mmoja. Ukiwa umejazwa viazi, kuuanzisha ni jasho, lakini ukishashika kasi kila mtu anaupisha. Raketi nayo ni hivyohivyo. Mpira wa tenisi una uzito wa kati ya gramu 56 na 59.4 kwa mujibu wa sheria, na hugusana na nyuzi kwa takriban sehemu tano kati ya elfu moja za sekunde, au pungufu. Kwa muda huo mfupi misuli yako haina la kufanya. Huwezi kukaza mkono katikati ya pigo ukaokoa kitu. Wanaogombana wakati huo ni mpira unaokuja na kile kilichoko kichwani mwa raketi, na wewe ni mtazamaji. Kichwa kikiwa chepesi, mpira mzito hukirudisha nyuma au kukipindua mkononi, na unaona mpira umekwenda pembeni ukashangaa umekosea wapi.

Hapo ndipo wengi wetu hukwama kuelewa. Mpira wa mpinzani tayari una nguvu. Mtu anayecheza na Alcaraz hahitaji kuubuni mwendo kutoka sifuri, anahitaji ukuta ulionyooka wa kuurudisha. Mimi na rafiki zangu, ambao mipira yetu hufika kwa mwenzake imechoka kama abiria wa saa mbili usiku, tunahitaji kuutengeneza mwendo wenyewe, na kwa hilo raketi inayokimbia haraka hutusaidia zaidi. Kwa maneno mengine, uzito wa raketi ya mtaalamu unajibu mpira anaopigiwa kuliko nguvu za mkono wake.

Lakini uzito una bei, na bei yake ni muda. Sevisi, yaani pigo la kuanzisha mpira, ya kilomita 200 kwa saa humfikia mpokeaji baada ya muda unaozidi nusu sekunde kidogo tu. Mkokoteni uliojaa hauanzishwi ghafla. Mwenye raketi nzito lazima aanze mapema: mabega yameshageuka, miguu imeshafika, raketi imeshaenda nyuma kabla mpira haujavuka wavu. Wataalamu hulipa deni hilo kwa miguu na kwa macho, wanasoma bega la mpinzani kabla hajapiga. Sisi wa Jumamosi hatulipi, ndiyo maana tunachelewa.

Mtindo wa kucheza huzaliwa hapo, kwenye jinsi mchezaji anavyogawa muda na uzito.

Pete Sampras alitumia raketi yenye kichwa kidogo sana, inchi 85 za mraba, iliyosheheni risasi hadi kukaribia gramu 400 ikiwa na nyuzi. Leo ukimpa kijana raketi kama ile atakuuliza kama ni ya kupasulia kuni. Lakini tazama alichokuwa akifanya nayo: anaanzisha mpira, anakimbilia wavuni, anaumaliza kwa voli, yaani kuupiga kabla haujadunda. Sevisi ndilo pigo pekee ambalo mpigaji hana haraka. Anatupa mpira mwenyewe, anapanga mzunguko wake mwenyewe, na uzito wote una muda wa kushika kasi. Voli nayo haina mzunguko wowote, ni kuweka raketi mbele na kuiachia ikutane na mpira, hivyo uzito unafanya karibu kazi yote. Mapigo mawili aliyoyategemea zaidi ndiyo hayo yanayopenda uzito. Alishinda Wimbledon mara saba kwa utaratibu huo.

Roger Federer alirithi familia hiyohiyo ya raketi. Ile iliyouzwa kwa jina lake kuanzia 2014 ilikuwa na gramu 340 kabla ya nyuzi, nzito kuliko karibu zote zilizokuwa kwenye rafu. Watu walisema alibadilisha mchezo wake kwa kubadilisha raketi, na ni kweli, ila kilichobadilika sana ni ukubwa wa kichwa, kutoka inchi 90 hadi 97. Uzito aliubakiza. Na uzito huo ulikuwa umelala upande wa mpini, kwa hiyo mkononi haukuwa mzigo kama namba inavyotisha. Mapigo yake marefu yasiyo na haraka, yale ambayo watazamaji huyaita ya kifahari, yanaendana na chombo ambacho hakitaki kusukumwasukumwa. Sidai kwamba raketi ilimfundisha ustaarabu, ila ingemwadhibu haraka kama asingekuwa nao.

Rafael Nadal alikuja na jibu lingine. Raketi ya Babolat iliyohusishwa naye iliuzwa ikiwa na gramu 300, nyepesi kwa mtu wa misuli ile, na hapo ndipo ile hadithi ya "kizito ndicho kinachoumiza" inaanza kupwaya. Mchezo wake ulisimama juu ya topspini, yaani mpira unaosuguliwa kutoka chini kwenda juu ukaruka huku ukijiviringisha mbele, ukadumbukia ghafla ndani ya mstari na kuruka hadi begani mwa mpinzani. Kusugua hivyo kunataka kichwa cha raketi kipande juu kwa kasi kubwa mno, na mzigo mwingi ungekizuia. Lakini naye hakucheza na gramu 300 hizo tupu. Aliongeza uzito kichwani, juu kabisa, kwenye ile saa sita ya kocha wetu. Akapata mizani ndogo na uzito mkubwa wa kuzungusha. Akamaliza na mataji 14 ya Roland Garros, yale mashindano ya Paris.

Ukiwaweka hawa watatu pamoja utaona kwamba "nzito kwa washambuliaji, nyepesi kwa walinzi" ni sheria ya vibarazani. Wote walikuwa na uzito mwingi wa kuzungusha. Walichotofautiana ni wapi waliuweka na pigo gani waliliwekea.

Na usidhani sheria za tenisi ndizo zinazowabana. Shirikisho la kimataifa limeweka kikomo cha urefu, sentimita 73.7, na cha upana, sentimita 31.7. Uzito halijauwekea kikomo. Ukitaka kucheza na kilo mbili, ruhusa unayo. Kinachobana ni mchezo wenyewe. Raketi za mbao za zamani zilikuwa na gramu 370 hadi 400 na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa kila mtu alikuwa nazo na mpira ulikwenda polepole zaidi. Björn Borg, bingwa wa zamani wa Uswidi, alirudi Monte Carlo mwaka 1991 akiwa na raketi ya mbao, baada ya miaka mingi nje, akakutana na kizazi cha raketi za grafiti, yaani za kaboni. Jordi Arrese alimshinda kwa seti mbili. Borg hakuwa amesahau kucheza. Muda ndio ulikuwa umepungua.

Kuna jambo ambalo huwaingiza watu hasara ya maelfu ya shilingi. Mtu anaona raketi ya bingwa kwenye televisheni, anaona ileile dukani, rangi zilezile, anainunua na kurudi nyumbani akijua ameshika kilekile. Hapana. Hebu itazame nganya mpya, ile matatu ya mapambo, ya Umoinner au Rongai: michoro ya leo, taa za leo, na chini ya yote chasi ambayo fundi anaijua tangu zamani. Wachezaji wengi wakubwa hukaa na umbo moja la raketi kwa miaka, na kila kampuni inapotoa toleo jipya, raketi yao ya zamani hupakwa rangi za toleo hilo. Ndani kuna risasi iliyobandikwa chini ya kilinda ukingo, na mara nyingine silikoni iliyojazwa mpinini. Mchezaji hubeba raketi kadhaa kwenye mkoba, na zote zimesawazishwa hadi hutofautishi moja na nyingine kwa mizani wala kwa mashine. Wewe umenunua rangi.

Na kiwiko? Mwenzetu wa kwenye kikundi alikuwa ameshapendekezewa na watu watano anunue raketi nyepesi zaidi. Ushauri huu unasikika wa huruma na mara nyingi ni wa kinyume. Raketi nyepesi ikigongwa na mpira hutikisika zaidi, na mtikisiko huo lazima uishie mahali. Unaishia kwenye mkono. Tena mwenye raketi nyepesi hujikuta anaikaba kwa nguvu na kupiga kwa kifundo ili mpira ufike, na kano za kiwiko hazipendi hilo. Raketi yenye uzito wa kutosha, iliyo nyepesi kichwani, hunyonya sehemu ya pigo. Ikizidi nayo huhamishia tatizo begani, kwa hiyo hakuna namba ya kumwandikia mtu kama dozi. Kabla ya kugusa uzito ningeanza na nyuzi zake, kwa sababu nyuzi ngumu za poliesta zilizokazwa sana ni adui mkubwa kuliko gramu kumi. Na maumivu yakidumu, amwone daktari, asituulize sisi.

Hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo video za Ulaya hazitakuambia. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na mpira hupungukiwa na kitu cha kuushika. Unakimbia zaidi, unafika mapema, na topspini haikamati hewa vizuri, hivyo mpira uliotaka udumbukie kwenye mstari unaendelea na safari. Sheria za kimataifa zinautambua mwinuko kuanzia mita 1,219 na kuruhusu mipira maalumu. Wengi wetu tunatumia yoyote iliyopatikana.

Kwa uzito, hali hii inavuta pande mbili. Mpira unakufikia mapema, kwa hiyo ungependa raketi inayoanza haraka. Lakini unakufikia ukiwa na kasi zaidi, kwa hiyo ungependa kichwa kisichosukumwa. Mchezaji wa Nairobi anayeongeza risasi bila kukaza nyuzi kidogo au kujifunza kusugua mpira zaidi atatumia asubuhi nzima kuwaomba radhi wa korti ya nyuma. Ukishuka Mombasa na raketi hiyohiyo utasema mipira imekufa, utaona uzito uliokuwa ukikuponza nyumbani sasa unakuokoa. Angella Okutoyi alijifunzia mchezo katika hewa hii yetu, kisha mwaka 2022 akaenda London, karibu na usawa wa bahari na kwenye nyasi, akatwaa Wimbledon ya wasichana kwa wachezaji wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Watu husifia mapigo yake. Mimi husifia zaidi jinsi mkono wake ulivyohama hewa na uwanja kwa wakati mmoja.

Alcaraz mwenyewe? Melbourne alitolewa na Djokovic robo fainali, na kikundi chetu kikatangaza kwamba gramu tano zimefeli. Juni akashinda Roland Garros baada ya Sinner kuwa na nafasi tatu za kumaliza mechi, na watu walewale wakasema gramu zimefanya kazi. Hakuna anayeweza kuzitenga gramu tano kutoka kwenye saa tano na nusu za fainali ile. Alichokuwa anakitafuta Januari kinaeleweka bila matokeo yoyote: alibadilisha sevisi, pigo lenye muda mwingi kuliko yote, na hapo hapo akaongeza uzito.

Ukitaka kujaribu usitumie pesa. Karatasi moja ya A4, ile ya fotokopi, ina gramu tano kamili au pungufu ya unywele. Ikunje mpaka iwe kama kidole, ifunge kwa utepe wa umeme kwenye mpini, ugonge mipira kumi ukutani. Ihamishe saa sita, ugonge kumi tena. Halafu igawe mara mbili, kipande kimoja kiwe saa tatu na kingine saa tisa, ubavuni mwa kichwa. Hapo itaongeza uzito wa kuzungusha kidogo kuliko kwenye ncha, lakini itazuia zaidi raketi isipinduke unapokosa katikati, ambalo kwa wengi wetu ndilo tatizo halisi. Na kwa saa hizo mbili hutakosea kama mimi: hata ukizisoma kwa Kiingereza, tatu na tisa zinabadilishana tu mahali.

Mwenye kiwiko aliweka zake saa tatu na saa tisa, akalegeza nyuzi. Bado anachelewa mipira ya bekihendi.